Mwaka Tuliopanda Mtama wa Ziba

Mwezi wa kumi, tarehe 10, mwaka 1948. Jumapili.

Naanza leo kuandika mvua. Kila mwaka watu wa hapa wanabishana. Huyu anasema mvua ilianza kabla ya Watakatifu Wote, yule anasema baada, mwisho wanatukaniana mama zao. Mwakani atakayebisha nitamfungulia daftari. Shule sikukanyaga. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu Modest, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni, kwa sababu alichoka kunisomea katekisimu kila jioni. Anayetaka mwandiko mzuri akautafute kwa mwalimu.

Leo hakuna wingu. Joto.

Tarehe 13.

Joto. Miti ya porini imetoa majani yale mekundu yanayotangulia mvua. Vumbi mpaka kwenye meno.

Tarehe 17. Jumapili.

Niwataje watu wa nyumba hii, nisije nikaonekana naandika habari za mawingu tu. Tuko watatu na nusu. Mimi, Pelagia. Mwanangu Sylvester, ambaye akisema maneno kumi kwa siku ujue kaumwa na nyuki. Mke wake Bertila, aliyemtoa Ziba, kule chini kwenye nchi ya ng'ombe na udongo mweusi. Na huyo nusu aliye tumboni mwa Bertila, ambaye kwa hesabu yangu atatoka karibu na sikukuu ya Mishumaa. Mimba ya kwanza iliharibika wakati wa upungufu, mama mtu akiwa anakula majani. Huyu wa sasa hatazaliwa kwenye njaa. Nimesema.

Shamba letu liko mgongoni mwa mwinuko, udongo wa mchanga, kando ya njia ile ya zamani ya misafara. Chini yake kuna mbuga, udongo mweusi unaotuamisha maji, watu wanalisha mbuzi. Sisi ni watu wa juu. Bertila mwezi wa saba anatetemeka mpaka meno yanagongana, nami humwambia, "Hapa si bondeni, mkamwana, hapa lazima uwe na nyama mwilini." Anacheka kwa adabu. Sijui kama anacheka kweli.

Tarehe 24. Jumapili.

Leo Padre amebariki mbegu. Kila nyumba ya kanisa imepeleka kikapu. Mimi nimepeleka mtama, mahindi na karanga, mbegu zote za ndani, nikazipanga mbele kabisa watu waone zilivyo nzuri.

Wale wasiobatizwa wao wanamsubiri mtemi. Kwa desturi yao hakuna anayetia jembe mpaka mtemi agawe mbegu zake zenye dawa na kutoa neno. Sisi tuliacha mambo hayo tangu enzi za Modest. Tulipokuwa tunarudi na vikapu vichwani, tulipita mbele ya nyumba zao tukiimba. Niseme kweli, tuliimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tarehe 27.

MVUA. Ilianza saa za mchana kwa upepo, ikapiga mpaka giza. Mchanga umelowa mpaka kiwiko changu, nimepima mwenyewe. Kumbikumbi wametoka, Bertila amekaanga. Hata Sylvester ameongea.

Tarehe 28.

Tumeanza kupanda. Padre kabariki Jumapili, mvua imekuja Jumatano. Mtu mwenye macho anataka nini tena?

Bertila aliniita pembeni. Alipiga goti kama kawaida yao.

"Mayu," akasema. Ndivyo wanavyomwita mama. "Kwetu mbegu haitoki yote ndani kwa mvua ya kwanza. Tunatoa kidogo, nyingine inabaki darini."

"Kwenu ni wapi?"

"Ziba, mayu."

"Ziba ni chini. Maji ya mvua yanawafikia yakiwa yamechoka. Huku juu mawingu yanatupita kichwani, mvua ikianza imeanza. Shika jembe."

Akashika jembe, na tumbo lake lile.

Tarehe 30.

Mbegu yote imeingia ardhini. Nimekung'uta vikapu. Mgongo unaniuma vizuri.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 4.

Zimeota. Mistari inaonekana mpaka njiani. Za wale wa mtemi hazijapandwa hata moja. Nimewapungia mkono.

Tarehe 7. Jua.

Tarehe 9. Jua. Upepo umerudi kule ulikokuwa wakati wa kiangazi.

Tarehe 12. Jua.

Tarehe 15.

Mawingu yalikusanyika tangu asubuhi, meusi, mazito, yananguruma. Tulisimama nje wote. Yakapita. Tuliona mvua ikining'inia upande wa Urambo kama pazia, hapa kwetu halikuanguka tone. Sylvester alibaki amesimama hata baada ya sisi kuingia ndani.

Tarehe 18. Jua. Mahindi yamejikunja kama vidole vya mzee.

Tarehe 21. Jumapili.

Basi. Zimekufa. Leo baada ya misa nilipita mistari yote, nikawa nachimbua kwa kidole. Juu kumekauka, chini kumekauka, mzizi umekauka katikati. Mchanga wetu ukishiba maji unashiba upesi, na ukiyaachia unayaachia upesi. Hilo nalijua tangu sijaota meno. Nililijua na mwezi uliopita pia, ila nilikuwa naimba.

Nyumba zote za kanisa zimepoteza. Baadhi walibakiza kibaba au viwili. Mimi sikubakiza kitu.

Na wale wa mtemi wana mbegu zao zote. Nilidhani ni kwa sababu mtemi ana macho ya kuona mvua. Kumbe wala. Leo nimeambiwa: Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, alimwita mjini bomani kwa kikao, kikao kikavutwa, mtemi akachelewa kurudi, watu wake wakakaa tu wanamsubiri na majembe begani. Kikao cha Wazungu ndicho kimewaokolea mbegu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bertila alinisogelea akidhani nalia. Hakukosea sana.

Hakuniambia "nilikuambia". Nilisubiri aseme, ili nimjibu. Hakusema.

Tarehe 23.

Amekuja mtani wangu Mussa kunipa pole ya utani. Mussa ni Mzaramo. Baba yake alipanda huku na msafara wa pembe, miguu ikamvimba, wenzake wakamwacha hapa, akaoa, akabaki. Mussa anauza chumvi na dagaa wa Kigoma kando ya njia, na ulimi wake ni mchungu kuliko hiyo chumvi.

"Mama Sylvester! Nasikia mmezika."

"Tumezika. Ungekuja na sanda."

"Nyie Wanyamwezi nyie! Mmebeba meno ya tembo ya watu mpaka pwani bila kudondosha hata moja, kibaba cha mbegu yenu wenyewe mnashindwa kukibeba mpaka Desemba?"

"Toka hapa, unanuka dagaa."

"Nanuka dagaa, ndiyo, lakini dagaa hawasubiri mvua." Akakaa. Akaweka chumvi kwenye kibuyu changu bila kuulizwa. Kisha akaacha mzaha. "Baba yangu alikuwa anasema, toka pwani walipanda siku baada ya siku wala hawakujua kama wanapanda. Hakuna aliyewaonyesha mlima. Walijua tu kwamba usiku unazidi baridi. Akauliza, mlima wenyewe uko wapi? Akaambiwa, unaukanyaga. Nchi nzima ndiyo mlima, ila umekatwa kichwa."

"Na mvua je?"

"Mvua ya juu ya meza, mtani. Inamwagika upande inaotaka."

Alipoondoka nikaona ameacha na dagaa. Sikumwita kumshukuru, angenitukana.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 3. Jua. Tunakula michembe, viazi vile vikavu tulivyokata mwezi wa sita. Tunaloweka, tunachemsha.

Tarehe 8. Manyunyu. Yameweka vumbi chini, basi.

Tarehe 14. Michembe.

Tarehe 19. Jumapili. Michembe. Bertila anapewa ya kwanza kutoka chunguni. Alikataa. Nilimwambia simlishi yeye.

Tarehe 25. Noeli.

Mvua kidogo jana. Wale wa mtemi wamepanda, wanaimba wakirudi shambani. Na wao wanaimba kwa sauti kubwa. Haki yao.

Mwaka 1949, mwezi wa kwanza, tarehe 2. Jumapili.

Mvua halisi inakuja. Naijua safari hii, na sisi hatuna cha kuipa. Hapa mbegu haziombwi wakati wa kupanda. Mtu anaweza kukupa ugali wake, asikupe mbegu yake, maana ni kama kumwambia akukatie kipande cha mwakani. Sijawahi kumpa mtu, na sitamtukana atakayeninyima.

Jioni Sylvester akasema, "Nitakwenda Ziba."

Nikamtazama. Mwanamume kwenda kwa wakwe zake kuomba mbegu! Baba yake angefukua kaburi lake atoke.

"Utamwambia nini Masolwa?" Masolwa ndiye baba wa Bertila.

"Nitamwambia mama yangu alipanda zote."

Maneno mengi kwa siku moja. Yalinikaa kifuani kama wali usioiva. Bertila aliinamisha kichwa akaendelea kuosha chungu kilichokwisha takata.

Tarehe 3.

Ameondoka alfajiri. Lori la Mhindi mpaka Nzega, kutoka hapo miguu. Nimemfungia michembe. Nikamwambia arudi kabla huko chini hakujajaa maji. Baba yangu alikuwa mpagazi, alinieleza: misafara ilitembea kiangazi tu. Masika mtu anakaa kwake analima, kwa sababu mvua tunayoifurahia huku inateremka yote kwenye mbuga za chini na kufanya bahari.

Tarehe 9. Jumapili. Mvua.

Tarehe 11. Mvua.

Tarehe 12. Mvua usiku na mchana. Paa linavuja juu ya kitanda changu. Nimehamia kwa Bertila.

Tarehe 16. Jumapili. Mvua. Shamba letu limeota majani mazuri ya bure. Tumefyeka, kwa aibu tu.

Tarehe 20. Mvua. Hakuna lori linalotoka Nzega. Dereva mmoja alipita kwa Mussa akasema kule chini mbuga zimekuwa ziwa, watu wanavuka kwa kushikana mikono, na kuna waliokwenda na maji. Mussa alinieleza bila kunitania hata neno moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tarehe 23. Jumapili.

Mvua. Tunalala kitanda kimoja mimi na mkamwana wangu, tumbo lake likinigusa mgongoni. Nimejua mambo yake ambayo sikuyajua kwa miaka mitatu. Hapendi kuitwa wa bondeni. Aliniambia gizani, polepole.

"Mayu, kwetu si bondeni. Ukiwa pale unaona mbingu yote. Huku nyie ndio mko shimoni, miti imewafunika."

"Kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Ulikuwa unasema wewe."

Mtoto akapiga teke, nikalisikia mgongoni kwangu.

Tarehe 28. Mvua. Michembe imebaki chini ya kikapu. Mussa ameleta unga wa muhogo, akasema ni wa kutegea panya.

Mwezi wa pili, tarehe 2. Mishumaa.

Msichana. Amekuja asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Bertila alikaza meno, hakupiga kelele, nikamwambia, "Piga kelele mwanangu, hapa ni kwako." Ndipo akapiga, watu wakasikia mpaka njiani. Mtoto ni mwembamba, mrefu, kama kijiti cha uwele. Mzima. Analia vizuri. Anaitwa Koleta.

Baba yake hayupo. Nilimtoa mtoto nje nikamwonyesha mbingu. Nilisema sala zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga.

Tarehe 6. Jumapili. Mvua. Hajarudi.

Tarehe 9. Hajarudi.

Tarehe 12.

AMERUDI. Nilimwona njiani nikadhani ni mzee. Matope mpaka kifuani yamekauka juu yake, macho yameingia ndani, na kichwani gunia la mtama limefungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Gunia kavu. Yeye ameloa, amekauka, ameloa tena, gunia halijaingia tone. Alilitua, akaninyooshea mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Una mtoto ndani."

Akakaa chini palepale, mlangoni, akalia kama mtoto mwenyewe. Nikamwacha. Nikaenda kuteka maji.

Tarehe 13. Jumapili.

Hatukwenda misa. Sylvester ameeleza. Masolwa hakumcheka. Alimpa gunia, na akampa na neno: mtama huu umezoea udongo mweusi na joto, usipandwe kwenye mchanga, hautashika maji mvua ikikatika. Utafutiwe mbuga.

Sylvester ameamua tupande mbugani, chini kule kwa mbuzi, maji yameanza kujitoa pembeni. Bertila akasema baba yake hajawahi kukosea mtama.

Hapa nataka niandike taratibu. Mimi nilikuwa na neno. Nilichunga mbuzi mbugani ile nikiwa mtoto, na najua kipupwe kinavyofanya hapa kwetu. Baridi ya usiku haikai juu. Inateremka kama maji, inakwenda kulala mbugani. Mwezi wa sita ukitoka hapa mlangoni alfajiri ukashuka, unaikanyaga kwa nyayo, halafu goti, halafu kiuno, kama mtu anayeingia mtoni. Huko Ziba nchi yote iko chini, jua linaichemsha, hawana habari hiyo. Mtama uliochelewa utatoa maua lini? Mwezi wa tano. Na ua likipigwa na baridi halifungi punje.

Nilifungua mdomo. Wote wawili wakanitazama. Hawakunitazama kwa ubaya. Walinitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyewahi kumpiga pembe.

Nikaufunga. Mimi, Pelagia, nikaufunga. Nikasema, "Mpande mnapoona panafaa."

Tarehe 19. Tumemaliza kupanda. Bertila alilima mtoto akiwa mgongoni.

Mwezi wa tatu, tarehe 2. Majivu. Mvua ya wastani. Mtama umeota wote. Kufunga hatuhitaji kuambiwa.

Tarehe 13. Jumapili. Mtama umefika goti. Mweusi kwa ubichi.

Tarehe 27. Jumapili. Mtama umenipita kichwa. Watu wanakuja kuutazama. Mussa akasema, "Mtani, huu mtama au msitu? Nitaleta shoka." Nimecheka. Labda nilikosea. Mungu nijalie nimekosea.

Mwezi wa nne, tarehe 8.

Mvua imekatika. Juu mwinukoni wale wa mtemi wanaanza kuvuna mahindi yao mafupi. Ya mchanga, mafupi, ila yana punje. Mtama wetu uko mbichi bado, udongo mweusi unaunywesha. Masolwa alisema kweli kuhusu maji.

Tarehe 17. Pasaka. Bertila amechukuliwa kibarua na jirani kwa siku moja avune, akalipwa kikapu cha mahindi. Tumekula Pasaka.

Mwezi wa tano, tarehe 1. Jumapili. Mtama unatoa vichwa. Kusi imeanza kuvuma, kavu. Mbingu nyeupe bila wingu. Joto lote la mchana linaondoka na jua, hakuna wingu la kulifunika.

Tarehe 6. Baridi.

Tarehe 9. Baridi.

Tarehe 11. Baridi. Koleta anakohoa.

Tarehe 15. Jumapili. Baridi. Sylvester ametoka misa akaenda mbugani moja kwa moja, kanzu yake ya kanisa mwilini.

Tarehe 24.

Nimeshuka mwenyewe kabla jua halijatoka. Hapa mlangoni kulikuwa na ubaridi wa kawaida. Nikashuka. Nyayo, goti, kiuno. Nilipofika katikati ya mtama nilikuwa nimezama. Majani yamefanya umande mzito, pumzi yangu naiona. Nikavunja kichwa kimoja nikakisugua viganjani. Makapi. Nikavunja kingine. Makapi. Nilivunja mpaka vidole vikafa ganzi. Mtama mrefu kuliko mtu, vichwa vimesimama kama askari, na ndani hamna kitu. Kando tu, panapoanza kupanda kuelekea mwinuko, vichwa vya mstari wa mwisho vina punje.

Nilimkuta Sylvester amesimama upande wa pili. Kumbe anakuja kila alfajiri.

"Mama," akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu mwezi wa kumi nilisema."

Akavua shuka lake akanifunika. Tukapanda juu pamoja, na kila hatua tulikuwa tunatoka kwenye baridi ile, mpaka tulipofika mlangoni jua likatupiga usoni.

Mwezi wa sita, tarehe 5. Pentekoste. Tumevuna. Vikapu viwili visivyojaa, vya kando. Mabua tumewaachia mbuzi wa majirani.

Tarehe 12. Jumapili. Koleta anakohoa bado. Maziwa ya mama yake yanapungua. Nimempa Bertila sehemu yangu, nikamwambia tumbo linanisumbua. Kanitazama. Anajua.

Tarehe 19. Jumapili.

Amekuja mtu wa Ziba na salamu za Masolwa. Huko wamevuna. Amesema: "Nileteeni binti yangu na mtoto, huku chakula kipo."

Maneno mazuri, na yana kisu ndani. Mwanamke akirudi kwa baba yake na mtoto mgongoni wakati wa njaa, huku kwetu na huko kwao, hakuna anayeuliza. Ndoa imekwisha. Mwaka mmoja utapita, ng'ombe wa mahari watarudishwa njia waliyokuja, na Koleta ataitwa mtoto wa Ziba. Na asipokwenda, kikohozi kile na titi lile kavu vitaamua vyenyewe.

Sylvester naye hawezi kwenda kukaa kwa wakwe. Mume anayelishwa na wakwe si mume tena.

Alikaa, akatazama moto, akasema, "Aende."

Bertila akaanza kukusanya vitu vyake bila sauti, kama aliyeingoja amri hiyo tangu Novemba. Kikombe, kanga, rozari. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Sijapata hasira namna hiyo tangu Modest afe.

"Weka chini," nikasema. "Nani kasema unarudi?"

"Mayu, Sylvester amesema..."

"Sylvester amesema uende. Hakusema urudi. Utakwenda kutembelea wazazi wako, umwonyeshe babu yake mtoto. Na mkamwana hatembei peke yake, anasindikizwa na mama mkwe wake. Nakwenda na wewe. Tutakaa wote. Nikiwa pale nimekaa, nani atasema umeachika?"

Sylvester akasema, "Mama, utakula kwao? Wewe?"

"Nitakula kwao."

"Watakucheka."

"Nimewacheka miaka mitatu. Na wao wana zamu."

Yeye atakwenda Urambo, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, wanatafuta watu wa kung'oa visiki. Akipata mbegu za hapahapa juu, zilizozoea juu, atatufuata kabla ya mvua. Ndivyo tulivyokubaliana. Bertila alikuja akapiga goti mbele yangu, nikamwinua. Nikamwambia asinililie, nitabadili mawazo.

Tarehe 24.

Njiani, kupita Nzega. Mtu akiniuliza tulishuka wapi siwezi kumwonyesha. Hakuna mteremko. Ardhi inakwenda tu. Lakini jana miti yetu mirefu ilikwisha, ikaanza miiba, udongo ukageuka rangi, na leo mchana Bertila ameanza kutembea kichwa juu. Mtoto amekohoa mara chache. Naandika nimekaa kwenye jiwe lenye moto. Miguu imevimba. Mussa alitusindikiza mpaka kwenye lori, akasema, "Mpagazi amepata mzigo!" kisha akageuka upande, akajifanya anapenga kamasi.

Tarehe 26. Jumapili. Ziba.

Tumefika alasiri. Uwanja umejaa watu wanaopura mtama, na mtama wenyewe umelundikwa kama nyumba. Ni ule ule. Punje nyeupe, nene, zimejaa.

Masolwa alikuwa amekaa na ndugu zake. Ni mtu mkubwa, mpole. Bertila akapiga goti akasalimia, wanawake wakamchukua mtoto wakaanza kupiga vigelegele. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwanja na fimbo yangu, mikono mitupu, mimi niliyezoea kwenda kwa watu na kikapu.

"Karibu, mkwe," akasema Masolwa. Kisha akauliza mbele ya wote, kama desturi inavyomtaka aulize. "Umeturudishia binti yetu?"

"Sikumrudisha. Tumekuja kuwatembelea, mimi na mkamwana wangu na mjukuu wangu."

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyo ndiye yule aliyepanda zote." Nikageuka. "Ndiye," nikasema.

Tukaletewa maji, tukaletewa ugali na maziwa mgando. Bertila alikula matonge mawili kabla hajamtazama mtu. Nilimtazama mpaka la tatu, ndipo na mimi nikanawa.

Tulipomaliza Masolwa akasema kwa sauti ya chini, "Mtakaa mpaka lini, mkwe?"

"Mpaka Sylvester aje kutuchukua."

"Na asipokuja?"

"Utaniuliza tena, nikiwa nimekaa hapahapa."

Hakuuliza tena. Jua lilikuwa bado kali, linanipiga usoni. Akasogeza kigoda chake kidogo mbele ya jua, nikapata kivuli chake.